Mrejesho: volteji ya kizingiti katika fuwele kimiminika

Niliuliza kwa nini molekuli za fuwele kimiminika (dutu inayotiririka kama kimiminika ilhali molekuli zake hujipanga kwa mwelekeo mmoja) hazigeuki mara tu volteji inapowekwa, na iwapo tabaka nene huhitaji volteji kubwa zaidi. Nawashukuru mlionijibu. Tumelijaribu jambo hilo katika maabara ya shule yetu hapa Kisumu, kwa kioo cha kikokotoo kibovu na mkondo geu, kwa kuwa mkondo mnyoofu huchangua fuwele polepole. Volteji ilipopandishwa taratibu, kioo hakikubadilika kwa muda, kisha kikaanza kuwa cheusi.

Kizingiti hicho, yaani volteji ambayo chini yake molekuli hazigeuki, kinabeba jina la mwanafizikia Mrusi Vsevolod Frederiks, nacho hutokana na ushindani: kuta za kioo huzilaza molekuli, na unyumbufu wa fuwele huueneza mlalo huo hadi katikati, ilhali uga wa umeme huzitaka zisimame. Unene wa tabaka ukiongezeka maradufu, uga unaohitajika hupungua kwa nusu. Kwa hiyo volteji ya kizingiti haibadiliki, jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kinachobadilika ni muda wa molekuli kulala tena umeme ukikatwa, ambao huongezeka mara nne.

Sasa tunatafuta 5CB, dutu ambayo huwa katika hali ya fuwele kimiminika kati ya takriban nyuzi 24 na 35 za Selsiasi; joto la mchana wa Kisumu linaitosha bila kipasha joto.