Tunajenga Mangamba, Mtwara: je, kila chumba cha kulala kinahitaji choo na bafu lake?

Mama Nuru

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Mangamba, pembezoni mwa mji wa Mtwara, na kwa fedha za korosho za msimu uliopita tumeamua kujenga nyumba ya vyumba vinne, tukiomba msingi uwe umekamilika kabla mvua hazijaanza. Ramani tuliyochorewa imeweka choo na bafu ndani ya kila chumba cha kulala, yaani masta nne, kila moja kwenye pembe yake ya nyumba, na hakuna choo kingine chochote, si cha wageni wala cha uani. Mume wangu ameipenda sana. Anasema watoto wanakua, kila mtu anahitaji faragha, na nyumba ya namna hiyo hata ukiipangisha haikai bila mtu.

Mimi nasita, kwa sababu mwenye kubeba ndoo na brashi ni mimi. Tutakaoishi humo ni sisi wawili, mabinti wawili, mvulana mmoja, na mama mkwe wangu ambaye tumemwomba ahamie kwetu kutoka Tandahimba, kwa kuwa magoti yanamsumbua na hawezi tena kuchuchumaa. Bomba la maji limefika mtaani kwetu, lakini maji hutoka kwa mgao, hivyo tutategemea simtanki la lita 2,000. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, na jirani wa nyuma ana kisima ambacho maji yake wanakunywa. Naomba mnieleze bila kunionea haya: masta nne ni hitaji au ni fahari tu, na kama tupunguze, kipi kibaki na kipi kiondoke? Fundi anakuja kupiga kamba wiki ijayo.

Fundi wa Chikongola

Mama Nuru, choo cha ndani ni kitu kizuri, ila hakuna sehemu ya nyumba inayokula fedha kuliko hiyo kwa ukubwa wake. Chukua bafu dogo la mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu yake ni mita za mraba 3.6 tu, lakini ukipandisha marumaru ukutani hadi mita 2.1, hata baada ya kutoa nafasi ya mlango, unaongeza karibu mita za mraba 15, na jumla inapita 18. Chumba cha kulala cha mita 3.6 kwa 3.6 kinahitaji mita za mraba 13 za sakafu, basi. Maana yake ni kwamba bafu hilo dogo linakula marumaru nyingi kuliko chumba chenyewe, na bado hujanunua sinki, beseni la kunawia, koki, mlango, dirisha, wala mabomba ya maji safi na maji machafu. Ukizidisha mara nne, ndipo unaona namna nyumba inavyoweza kuishia kwenye bati na kukaa miaka bila kuhamiwa.

Kinachonisumbua zaidi katika ramani yako, hata hivyo, ni kwamba vyoo vimetawanywa pembe nne. Maji machafu hayasukumwi na pampu, yanateremka yenyewe, na bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa takribani sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kilicho umbali wa mita 16 kutoka kwenye karo, yaani tangi la chini la maji machafu, kinalazimisha bomba lishuke sentimita 40 kabla halijafika, na kama kiwanja ni tambarare, karo nalo litabidi lichimbwe chini zaidi. Tena kila bomba linapokata kona inatakiwa chemba, ili siku likiziba mtu apate pa kuzibulia. Vyoo viwili vikipakana mgongo kwa mgongo, vinatumia ukuta mmoja na njia moja ya bomba, chemba zinapungua, na anayekuja kuzibua hazunguki nyumba nzima akifukua marumaru za watu. Kabla hujaamua idadi, mwambie mchoraji avikusanye upande mmoja.

Bi. Rahaleo

Mwanangu, marahaba. Mimi ramani isiyokuwa na choo cha wageni siikubali hata kidogo. Nyumba zetu huku Kusini hazikai na watu wa ndani peke yao: kuna msiba, kuna maulidi, na wewe una mabinti wawili ambao siku ya kuwatoa unyagoni uwanja wako utajaa mikeka, masufuria na ndugu kutoka Tandahimba hadi Kitaya. Hao wote utawapitisha wapi? Kwa ramani hiyo, mtu mzima atakayebanwa na haja itabidi apite kando ya kitanda chako, aone nguo ulizovua asubuhi, akutane na dawa za mumeo juu ya meza. Faragha ambayo mumeo anaitafuta kwa masta nne itapotea siku ya kwanza ya shughuli.

Jengeni choo cha uani chenye sinki la kuchuchumaa na bafu pembeni yake, ukuta upigwe lipu laini na marumaru ziishie kiunoni, inatosha. Choo cha namna hiyo hakihitaji hata tangi la kuvutia maji, kwani kopo na ndoo vinafanya kazi.

Kuhusu mama mkwe wako, yeye ana haki ya kwanza ya choo cha ndani, hata kuwatangulia ninyi wenye nyumba. Usiku mtu wa magoti hawezi kufuata choo koridoni akipapasa ukuta, na si heshima mkwe mtu akutane na wajukuu na wageni akiwa na khanga moja akitafuta swichi ya taa.

Mjukuu wa Newala

Nimekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji hupandishwa kutoka bondeni Mitema na ambako nyumba nyingi zimechimba tangi la kuvunia maji ya mvua uani, kwa hiyo naomba niseme kuhusu maji.

Wengi husema kwamba vyoo vingi vinamaliza maji. Mtu haendi chooni mara nyingi zaidi kwa sababu vyoo vimeongezeka. Watu sita wakivuta maji mara tano kwa siku, kwa tangi la choo la lita 6, ni lita 180, viwe vyoo viwili au vinne. Mkinunua lile la zamani la lita 9, ni lita 270. Ongezeni ndoo moja ya lita 20 ya kuoga kwa kila mtu, kisha kupika, kuosha vyombo na kufua, na lita 2,000 zenu zitakwenda siku nne au tano, si zaidi. Swali la kumuuliza mumeo ni hili: mgao ukipita wiki nzima, mtafanya nini na vyoo vinne vya ndani visivyo na maji, ambavyo kila kimoja kinafunguka kwenye chumba anacholala mtu? Harufu ya choo cha uani inaishia uani.

Kinachoongezeka kwa wingi wa vyoo ni uvujaji. Ile valvu iliyomo ndani ya tangi la choo huchoka, maji yanachuruzika kwenye sinki kimya kimya usiku kucha, na asubuhi unashangaa simtanki limeshuka. Vyoo vinne ni valvu nne za kuzikagua, na maji yetu yenye chumvichumvi hayazihurumii.

Ningekuwa mimi, fedha za masta mbili ningezipeleka kwenye tangi la chini la kuvuna mvua. Mtwara hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Mei, na kila milimita moja inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 150, hata likipoteza sehemu moja ya tano, linakupa lita 120,000 kwa mwaka. Hamtaweza kuyahifadhi yote, lakini tangi la lita 20,000 pekee litabadilisha maisha yenu kuliko sinki la nne.

Mpangishaji wa Shangani

Naona tunamtisha dada yetu upande mmoja tu. Shemeji ana hoja. Wakati wa pilikapilika za gesi, kwenye miaka ya 2012 na 2013, wageni waliokuja kupanga hapa Mtwara waliuliza choo cha ndani kabla ya kuuliza bei, na mpaka leo mtumishi anayehamia na familia huanza na swali hilo. Pia msidharau suala la mabinti. Msichana aliyevunja ungo anahitaji mahali pa kujisitiri, pa kufua na kuanika vitambaa vyake bila kaka yake kugonga mlango akisema anachelewa shule. Hilo ni jambo la staha na afya, si la fahari.

Kwa hiyo ushauri wangu unatofautiana kidogo na wa waliotangulia. Acheni masta tatu: yenu, ya bibi, na ya mabinti. Mvulana atumie choo cha pamoja, ambacho nakubaliana na Bi. Rahaleo kwamba ni lazima kiwepo. Kubomoa ukuta na kupasua sakafu miaka mitano baadaye ili kuongeza choo ni gharama maradufu, tena ni vumbi na kero ndani ya nyumba yenye watu.

Mzee wa Mikindani

Assalaam alaykum. Nina jambo moja dogo ambalo wachoraji hulisahau. Kwetu Mtwara kibla kiko kaskazini, kikiegemea magharibi kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo masinki yote, ya kukaa na ya kuchuchumaa, yatazame mashariki au magharibi, mtu asielekee kibla wala kukipa mgongo akiwa katika haja. Wapo wanazuoni wanaoliruhusu ndani ya jengo, lakini maadamu msingi haujachimbwa, kuchukua tahadhari hakuna gharama.

Afisa Afya Mstaafu

Mama Nuru, nimesoma maelezo yako tena na tena, na neno lililonishtua ni kisima cha jirani. Umbali unaoshauriwa kwa kawaida kati ya shimo la kunyonyea maji machafu na kisima cha maji ya kunywa ni mita 30, na kiwanja chenu kina urefu wa mita 25. Mkiweka shimo nyuma ya nyumba, kama wengi wafanyavyo ili lisionekane, mtakuwa mnamnywesha jirani maji yenu, hasa kwenye udongo wa kichanga ambao hupitisha maji haraka. Karo lenyewe likijengwa vizuri na kupigwa lipu ndani halivuji. Hatari iko kwenye shimo linalofuata. Pimeni kwa futi ya kamba kutoka kisimani, kisha shimo liende kona ya mbele iliyo mbali zaidi. Huko mbele ndiko pia gari la kunyonya maji taka litakakofika bila kubomoa uzio. Hilo linarudi kwenye hoja ya fundi, kwamba vyoo vinatakiwa vikusanywe karibu na karo.

Jambo la pili ni vyoo visivyotumika. Kwenye shingo ya kila sinki na kwenye tundu la sakafu ya bafu hubaki maji kidogo, na hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu na mende kutoka kwenye karo. Chumba cha mgeni kikifungwa wiki kadhaa katika joto letu, maji hayo hukauka, na harufu inaingia moja kwa moja chumba cha kulala. Choo cha ndani chenye mtumiaji wa kila siku hakina shida hiyo, kwa hiyo jiulize kila kimoja mtumiaji wake ni nani.

Kwa choo cha mama: sinki la kukaa, chuma cha kushikia kilichofungwa kwenye tofali lililojazwa zege, mlango wa upana wa sentimita 90 usio na kizingiti, na ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani hamtaweza kumfikia. Dirisha lifunguke nje, lisitoe hewa koridoni.

Mama Nuru

Nawashukuruni sana, na nimemsomea mume wangu kila jibu. La kisima lilimnyamazisha, maana jirani yule ndiye aliyetupokea siku tulipokuja kupima kiwanja, na kweli mchoraji alikuwa ameweka shimo nyuma. Tumekubaliana masta yetu na chumba cha mama vihamie upande wa mbele na vipakane kwa ukuta mmoja wa mabomba, choo cha pamoja kiwe ng'ambo ya koridoni, na choo cha uani kijengwe ubavuni, mbali na kisima. Choo cha mvulana kimefutwa, na nafasi yake inakuwa stoo ya korosho na vyombo.

Kwenye chumba cha mabinti bado hatujaafikiana. Fedha haitoshi kwa sasa, lakini maneno ya kaka wa Shangani yameniingia. Fundi, je, inawezekana kuacha nafasi leo na kumalizia baadaye bila kupasua sakafu?

Fundi wa Chikongola

Inawezekana, ila ifanyike wakati huu wa msingi. Chumba hicho kipakane na choo cha pamoja, na lichorwe pembeni yake eneo la mita 1.5 kwa 2.4 ambalo kwa sasa litakuwa kabati la nguo. Kabla jamvi, yaani zege la sakafu, halijamwagwa, lilazwe bomba la inchi 4 lenye mteremko wake hadi kwenye chemba ya choo cha pamoja, na mdomo wake uzibwe kwa kifuniko kilichogundishwa, usije ukajaa mchanga. Sakafu ya eneo hilo imwagwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 5, na iachwe nafasi ya dirisha kwa linta yake hata kama itajengwa tofali kwa muda. Mpige picha yale mabomba pamoja na futi ikiwa imelazwa kando yake, mzitunze, kwa kuwa fundi atakayemalizia huenda si yule aliyeanza.