Mashine ikikosea kukadiria kipato cha mwananchi, nani awajibike?

Mtoa hoja: Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma nchini Kenya, ianze kazi Oktoba 2024, Mkenya asiye na mshahara hukadiriwa mchango wake wa bima ya afya na programu, kwa kuulizwa mambo kama paa la nyumba yake, choo chake na mifugo aliyo nayo. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na marehemu mumewe, lakini anayeishi kwa kuuza sukuma wiki, anaweza kuonekana ana uwezo. Akikadiriwa vibaya, amwendee nani?

Mlipakodi: Programu haiombi kitu kidogo wala haitazami jina la mtu. Tumeona orodha za misaada zikijazwa jamaa za wakubwa wa kijiji, na wengi wanaoipinga leo ni walionufaika na orodha hizo.

Mwalimu Mstaafu: Ndugu Mlipakodi, mimi naipinga na sijawahi kuingizwa kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa hiyo sikubali kutiwa kapu moja na wala rushwa. Unasema haitazami jina? Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia programu iliyohesabu uraia wa kigeni kuwa dalili ya udanganyifu katika posho za malezi ya watoto. Maelfu ya wazazi walidaiwa fedha isivyo haki, wengine makumi ya maelfu ya yuro, na watoto zaidi ya 1,000 wa familia zilizoathirika waliondolewa kwa wazazi wao. Serikali ya waziri mkuu wao, Mark Rutte, ilijiuzulu Januari 2021, wakati nyumba nyingi zilikuwa zimeshavunjika.

Mlipakodi: Sikukutaja wewe, Mwalimu. Hata hivyo, uraia huo uliingizwa humo na binadamu, kwa hiyo mfano wako unaniunga mkono: ubaya unatoka kwa maofisa.

Mwalimu Mstaafu: Ulisema "wengi", nasi tunaopinga tumo humu tunakusoma. Ofisa mwenye upendeleo huumiza kijiji kimoja. Upendeleo huohuo ukiandikwa kwenye programu, huumiza nchi nzima, na kila karani hujibu kwamba ndivyo mtambo ulivyosema.

Wakili: Hapa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee. Kina msamaha pale sheria nyingine inaporuhusu, lakini hata hapo lazima aarifiwe kwa maandishi, naye anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Mtoa hoja: Basi huyo mjane aandikiwe ni jibu lipi lililopandisha mchango wake, na karani wa kaunti apewe mamlaka ya kuibadilisha hesabu hiyo, si kumsomea tu kilichoandikwa kwenye kompyuta.