Lukapu ya Pentaho: niandike kweri yangu ama nitumie jedwali lilivyo?

MwanaAmu
Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, nasaidia chama cha wavuvi kuunganisha data zao kwa Pentaho, programu ya kuhamisha na kuunganisha data. Orodha ya wanachama iko kwenye databesi ya PostgreSQL, na kila jioni kuna faili la malipo wanayotumiwa wavuvi kwa simu, sasa nataka kila malipo yapate namba ya mwanachama wake. Ile Database lookup ya kawaida (lukapu, hatua inayotafuta mstari unaolingana kwenye jedwali) nikiweka simu = simu inakamata wachache tu manake faili limeandikwa 254712..., daftari la chama 0712..., wengine +254 na nafasi katikati, wengine karani amewabandika namba mbili pahali pamoja. La pili ni bei. Kusi likivuma mashua hazitoki na nguru anapanda, kwa hivyo samaki aliyepimwa leo lazima apate bei ya leo si ya mwezi uliopita. Nimeona Database join inakubali kweri (swali la SQL kwa databesi) ya mtu mwenyewe lakini inajikokota, seva iko mbali na mtandao wa huku mwaujua. Hizi ni pesa za watu, sitaki haki ya mtu wa Faza iandikwe kwa mtu wa Kizingitini. Nifanyeje?

FundiWaData
Wa alaykum salaam. Kweri haina makosa, kinachokumaliza ni safari. Database join inauliza databesi upya kwa kila mstari unaoingia, mistari elfu tano ni kwenda na kurudi mara elfu tano. Kwa simu tumia Table input, hatua inayosoma databesi, andika kweri yako humo, halafu iunganishe na Stream lookup. Kweri inaenda mara moja, majibu yanakaa kwenye memori, ulinganishaji unafanyika hapo hapo kwa mashine yako.

`SELECT right(regexp_replace(simu, '\D', '', 'g'), 9) AS ufunguo, namba FROM wanachama`

Hiyo \D inatoa kila kisicho tarakimu, zinabaki 9 za mwisho ambazo hazibadiliki uanze na 0 ama 254. Upande wa faili la malipo usafishe vile vile na aina ya data iwe moja, zote String (maandishi), la sivyo hazitakutana. Na usivute safu zote za jedwali, hizo mbili zatosha. Wale wa namba mbili watenge kwanza, hapo itachukua ya mwisho peke yake.

BintiMalindi
Naongezea hapo. Baba na mwanawe wakitumia simu moja je? Huku Malindi nawaona wengi. Stream lookup itakupa mmoja wao na haitalalamika hata kidogo, wewe utadhani mambo yako sawa. Kabla hujatuma kitu fanya GROUP BY ufunguo HAVING count(*) > 1 uone nani wamerudiwa. Kuna watakaokwambia weka DISTINCT ON, ibakize mstari mmoja tu kwa kila ufunguo, yaishe, tafadhali usikubali, hapo unaficha tatizo na mvuvi mmoja anakosa jasho lake.

MwanaAmu
Shukran sana, hilo la baba na mwana lipo kweli, nyumba kadhaa. Na bei?

FundiWaData
Bei ni ya kipindi, na Stream lookup inajua kulinganisha sawa kwa sawa tu. Rekodi za mizani ziko wapi?

MwanaAmu
Databesi hiyo hiyo ya wanachama, na bei pia.

FundiWaData
Basi achana na lukapu, unganisha majedwali kwa JOIN ndani ya Table input, iachie databesi kazi yake (m ni jedwali la mizani, b ni la bei):

`LEFT JOIN bei b ON b.aina = m.aina AND m.tarehe >= b.kuanzia AND (m.tarehe < b.hadi OR b.hadi IS NULL)`

BETWEEN usiitumie manake inahesabu ncha zote mbili, siku bei inapobadilika samaki mmoja atapata bei mbili na mstari utajirudia.

BintiMalindi
Na ukibaki na Database join popote, weka tiki kwa Outer join, bila hiyo mstari uliokosa jibu unapotea kabisa. Waliokosa namba ama bei wapitishe Filter rows, hatua ya kuchuja mistari, waende faili lao, karani awaite mmoja mmoja kabla pesa hazijatoka.

MwanaAmu
Naanza na hiyo GROUP BY usiku huu, orodha ya waliorudiwa naipeleka kwa mwenyekiti kesho asubuhi.

FundiWaData
Mwambie pia namba zirekebishwe kwenye daftari lenyewe, kweri inasafisha njiani tu, jedwali linabaki vile lilivyo.