"Reason of" au "reason for"? Fundi wa bango ananisubiri hapa Bagamoyo

Mtembezaji_wa_Dunda
Wadau habari za asubuhi. Mi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Ngome Kongwe, kanisa la misheni, mpaka Kaole kama usafiri upo. Sasa tumechangishana wanne tuweke bango la kiingereza linalosimulia mji kidogo na mi ndo nikapewa kuandika, eti form four nilipata C, na kijiweni kwetu mwenye C ni profesa. Nikaandika hivi:

"The reason of moving the capital to Dar es Salaam in 1891 was the shallow water."

Maana kila mgeni anauliza hilo, Wajerumani walianzia hapa mbona wakahama, na jibu ni kina cha maji, hapa pwani yetu inapwa mbali meli kubwa zilikuwa zinatia nanga huko nje watu na mizigo vinaletwa kwa mashua, Dar wana bandari ya asili. Jana mama mmoja toka Uingereza akaisoma kwenye simu yangu akasema hapo ni "reason for". Nikamuuliza kwa nini, akacheka, eti "inasikika hivyo". Hilo nalo jibu? Mi najua ni sababu YA kuhama, na "ya" ni of. Halafu kinachonichanganya zaidi, chini yake niliandika "For reasons of safety, do not climb the walls" na hiyo hakuigusa kabisa, kasema iko sawa! Sasa of inafaa au haifai? Fundi anataka maneno kesho na anachaji kwa herufi.

Kijana wa Ngamiani
Of herufi mbili, for herufi tatu. Mzungu kakuongezea gharama tu huyo 😂

Mwl_Chumbageni
Kaka yule mama yuko sahihi, ni "reason for" siku zote. Ugonjwa wetu ni huu, kiswahili kina -a moja inayofanya kazi zote, ya wa la cha, na sisi tukiiona tu tunaandika of. Mahitaji ya maji mtoto anaandika "demand of water" wakati ni demand for, jibu la swali ni answer to, uharibifu wa ukuta ni damage to, ongezeko la wageni ni increase in, ila ukitaja kiasi chenyewe inarudi of, an increase of 20 visitors. Hayo nayasahihisha kila muhula mpaka wino mwekundu unaniishia. Hakuna kanuni moja ya kukupa, kila nomino ina mwenzake, unaikariri pamoja naye tangu siku ya kwanza.

Na usimcheke huyo mama kwa "inasikika hivyo". Mgeni akikwambia "maji hii ni baridi" wewe unajua kabisa kakosea, sasa akikuuliza kwa nini ni haya si hii utamjibuje? Ngeli? Wewe ulijifunza ngeli ukiwa na miaka miwili?

Karani_Mstaafu
Mwalimu hapo kwenye "siku zote" naomba nipinge. Nimefanya kazi mahakamani huku Tanga miaka mingi nikichapa hukumu, na "by reason of" nimeichapa mpaka vidole vikaijua vyenyewe. By reason of insanity, by reason of delay. Hicho ni kiingereza cha majaji si cha mtoto wa shule. Kwa hiyo of ipo na reason, na huyo kijana ana haki ya kuchanganyikiwa.

Mwl_Chumbageni
Shikamoo mzee. Hiyo ni lugha ya sheria, imeganda tangu zamani, huwezi kumfundishia mtoto wa form two.

Karani_Mstaafu
Marahaba. Na "for reasons of safety" ya kwake nayo ni ya sheria? Hiyo mbona iko kwenye vibao kila mahali.

Mwl_Chumbageni
Hapo mzee umenibana. Ngoja nifikirie.

Dada_Mapokezi
Samahanini nawaingilia, mi niko mapokezi hotelini hapahapa Bagamoyo na hii kitu iliwahi kunitesa kwenye matangazo ya wageni mpaka nikajitengenezea njia yangu, sijui kama ya kitaalamu. Ile "sababu ya" ya kwetu ina maana mbili ndani yake ila hatuzioni kwa sababu tumezaliwa nayo. Chukua "sababu ya" uigeuze iwe "sababu ni" halafu sikiliza. Sababu ya usalama, sababu NI usalama, inakubali, kwa hiyo usalama wenyewe ndo sababu, hapo of. Sababu ya kuhama, sababu NI kuhama? Hapana, kuhama ndo jambo lenyewe tunalolitafutia sababu, hapo for. Na ya mzee ya mahakamani, sababu ni kichaa, sababu ni kuchelewa, zote zinakubali, of.

Basi. Mi tangu hapo sijarudishiwa tangazo.

Karani_Mstaafu
Mwanangu umenifafanulia jambo nililolichapa miaka yote hiyo bila kulielewa.

Mwl_Chumbageni
Dada kesho naiingiza darasani hii. Ila niongeze tahadhari, hiyo of inakuja reason ikiwa imetanguliwa na for au by, "for reasons of health", "by reason of". Usije ukasema "the reason of safety is..." ukadhani umefaulu mtihani wa sababu ni.

Mtembezaji_wa_Dunda
Dada asante sana, mbona shule hawakunambia hivi. Sasa nina sentensi ya Livingstone, maana mwili wake ulipita hapa misheni 1874 ukielekea Uingereza na wageni lazima waulize alikufaje. "The reason for Livingstone's death was malaria and dysentery." Nimejaribu, sababu NI kifo? Hapana. Kwa hiyo for. Nimepata?

Mwl_Chumbageni
Kwenye for umepata, kwenye reason umekosa. Kifo kinatokana na cause, andika "the cause of his death". Reason weka kwenye jambo ambalo mtu kalikusudia au lina maelezo yake, mfano "the reason for his last journey was to find the source of the Nile". Safari aliikusudia, malaria hakuikusudia. Na uone, cause inachukua of hata kwa jambo linalotafutiwa sababu, kwa hiyo kipimo cha dada ni cha reason peke yake, usikipeleke kwa cause. Halafu ipo pia "cause for concern", hiyo ni sababu ya kuwa na wasiwasi, lakini hilo tuliache, bango halina nafasi.

Mtembezaji_wa_Dunda
Tuliache kabisa mwalimu. Basi naandika "The reason for moving the capital to Dar es Salaam in 1891 was the shallow water", namtumia fundi.

Kijana wa Ngamiani
Oya subiri usitume. Nimekaa nimeihesabu, hiyo ina herufi na tarakimu 65. Andika "The capital moved to Dar es Salaam in 1891 because of shallow water", zinabaki 55. Umeokoa kumi, nunua soda.

Dada_Mapokezi
Na of yake imerudi 😄 Sababu NI maji.

Mtembezaji_wa_Dunda
Nimetuma ya 55. Fundi kajibu nafasi kati ya maneno nazo anahesabu.