Naomba ushauri: dogo kakatwa vidole na mashine kazini, bosi anamzungusha

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu ni kibarua kwenye kiwanda cha mbao hapa Dar, msumeno umemkata vidole viwili mkono wa kulia, bosi kalipa hospitali siku ya kwanza tu basi, sahivi ukimpigia anasema dogo hana mkataba wa maandishi kwahiyo hana fidia, mara ampe laki tatu asaini karatasi yaishe. Nimemwambia dogo asisaini kitu chochote!

Ninavyojua WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) mchango anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata mia, na madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12 toka ajali. Sasa huyu bosi hata kuripoti hajaripoti na fomu kagoma kujaza.

Je, tunaweza kwenda wenyewe na vyeti vya hospitali pamoja na wenzake wa zamu walioshuhudia? Na kama kiwanda hakijawahi kuchangia inakuwaje? Halafu ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 ni pensheni ya kila mwezi, ukiwa chini ya hapo unalipwa kwa mkupuo, sasa hiyo asilimia anaipima daktari gani? Aliyepitia hili anisaidie, tunaanzia wapi?