Ndugu asiye na dalili za FTD: apimwe jeni akitaka, au asubirishwe kwanza?

Mzani (mleta mada)
Wadau, mada ni hii. Mtu amegundulika ana dimensia ya paji na panja, FTD: haya imemtoka, huruma imepotea, au maneno yanamkimbia, huku kumbukumbu bado ipo. Kipimo cha vinasaba kimeonyesha badiliko kwenye mojawapo ya zile jeni tatu kubwa, C9orf72, GRN au MAPT. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Je, hawa watoto wasio na dalili wapimwe mara tu wakiomba? Mimi nasema ndiyo. Mtu mzima ana haki ya kujua kilicho mwilini mwake. Huu utaratibu wa vikao vya ushauri kabla ya kutoa damu uliazimwa kutoka kwenye ugonjwa wa Huntington, ugonjwa mwingine wa ubongo unaorithiwa, na naona umegeuka kizingiti. Mbona kundi la damu linapimwa bila kikao?

Pipeti
Mkuu, haki tutaifikia. Tuanze na kipimo chenyewe, maana "kupima jeni" si kitu kimoja.

Badiliko la C9orf72, lililotambuliwa mwaka 2011, si herufi moja iliyokosewa. Ni herufi sita, GGGGCC, zinazojirudia. Watu wengi wana marudio chini ya 10. Maabara nyingi huweka mpaka kwenye 30, na wagonjwa wengi wana mamia hadi maelfu. Sasa piga hesabu: marudio 30 ni herufi 180, wakati mashine nyingi za kusoma eksomu (sehemu za DNA zinazotengeneza protini) hukata vipande vya herufi 150 hivi. Kipande chote kinamezwa na marudio, hakina pa kushika kulia wala kushoto. Isitoshe, eneo lenyewe haliko kwenye sehemu ya jeni inayotengeneza protini, na eksomu husoma sehemu hiyo tu. Kwa hiyo ripoti ya eksomu inayosema "hakuna kilichoonekana" haijaugusa kabisa upanuzi huo wa marudio ya C9orf72. Watu wanaipokea kwa shangwe, na ni kosa.

Kipimo sahihi huenda kwa hatua mbili. Kwanza PCR ya kawaida, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, inayohesabu marudio mafupi. Ukiona vilele viwili kwenye grafu, tuseme marudio 2 na 8, nakala zote mbili zimeonekana na kazi imeisha. Ukiona kilele kimoja, simama hapo. Huenda nakala mbili zinalingana, au moja ni ndefu mno mpaka PCR imeshindwa kuinakili. Ndipo unafanya PCR ya pili, ambayo kipande chake cha kuanzia (kijipande cha DNA kinachoanzisha kunakili) hunata popote ndani ya marudio. Upanuzi ukiwepo, grafu hutoka kama meno ya msumeno yanayopungua kimo taratibu. Meno hayo yanakwambia upanuzi upo, urefu hayasemi. Urefu unautafuta kwa njia ya Southern, mbinu nyingine ya maabara ya kupima urefu wa vipande vya DNA, inayodai DNA nyingi na isiyovunjikavunjika. Tena urefu wa kwenye damu si lazima ulingane na wa kwenye ubongo wa mtu huyohuyo.

Panapoharibika mara nyingi ni pembeni mwa marudio. Herufi chache zikiwa zimefutika hapo, vipande vya kuanzia havinati sawasawa, msumeno unatoka kibogoyo, na mtu anaandikiwa "hana" kumbe anao. Kundi la damu halina mitego hii.

Kizazi
Naongezea moja analolisahau Mzani: anayeanza kupimwa ni mgonjwa. Kama badiliko la mgonjwa halijulikani, jibu la "hana" kwa mtoto halina maana yoyote. Huenda familia ina badiliko kwenye TBK1, VCP au jeni nyingine ambayo haikutafutwa. Likishajulikana, mtoto anatafutiwa badiliko lile lile tu, na hapo "hana" inakuwa "hana" kweli. Mgonjwa akiwa hatua za mwisho, DNA yake itolewe na kuhifadhiwa akiwa hai, hata kama hakuna anayetaka majibu leo.

Neva
Nami nataka tutenganishe jeni hizi, kwa sababu neno "chanya" linabeba mizigo tofauti.

MAPT: ugonjwa huanza kwa wastani karibu na miaka 50, na umri wa mzazi unasaidia kiasi kukisia wa mtoto. GRN: wastani ni kama 61, lakini umri wa mzazi haukusaidii sana. Mzazi anaweza kuanza na 50, na mtoto mwenye badiliko lile lile akafika 75 bado anaendesha mambo yake. C9orf72: wastani ni kama 58, na hapo hujui hata ni ugonjwa gani utakuja. Nyumba moja, mmoja anapata FTD, mwingine anapata ALS, ule unaoua neva zinazoendesha misuli, wa tatu anapata vyote viwili.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Takwimu zinazosema karibu kila mwenye upanuzi wa C9orf72 ataugua kabla ya 80 zilitoka kwenye familia zilizochaguliwa kwa sababu zina wagonjwa wengi. Nchini Uingereza, walipopima watu wa kawaida waliozaliwa mwaka 1958, walikuta kama mmoja katika kila 700 anao. FTD na ALS zinazotokana na C9orf72 hazipo kwa wingi huo. Kwa hiyo kuna watu wanaubeba na hautawagusa. Ukimwambia mtu wa miaka 28 "utaugua", umemwambia zaidi ya unachojua.

Mzani
Nakubali la eksomu, na la kuanza na mgonjwa silipingi. Lakini, Neva, hoja yako inanisaidia mimi! Kama jibu lina utata, mweleze mtu utata huo, usimnyime jibu. Kuna anayeamua kuhusu watoto, kuna anayetaka kuingia kwenye majaribio ya dawa.

Neva
Majaribio tuyataje yalivyo. Kwa GRN fikra ilikuwa nzuri: nakala moja ya jeni imeharibika, protini ya progranulini imepungua, basi tuipandishe. Kingamwili ya latozinemab iliipandisha kweli kwenye damu, lakini matokeo ya awamu ya 3 yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha haikupunguza kasi ya ugonjwa. Dawa ya kwanza ya kunyamazisha C9orf72 kwa wagonjwa wa ALS nayo iliachwa mwaka 2022. Njia haijafungwa, ila asiende mtu kupima akidhani dawa inamsubiri mlangoni.

Kizazi
Kuhusu watoto, ipo njia ambayo Mzani hajaitaja. Viinitete vinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa, wazazi wakapewa visivyo na badiliko bila mzazi mwenyewe kuambiwa kama analo. Ni ghali, ni kazi, lakini haki ya kutojua inabaki.

Halafu kuna suala la damu ya mtu mmoja kusema siri ya mwingine. Mjukuu wa mgonjwa akipimwa na kukutwa nalo, mzazi wake aliye katikati naye analo, hata kama aliapa hataki kujua. Hakuna bahasha inayoficha hilo. Kikao cha kwanza kipo kwa ajili ya kuchora mti wa ukoo na kuuliza "nani mwingine atajulikana kwa jibu lako?" Na bima iulizwe hapo hapo: nchini Marekani sheria ya mwaka 2008 inakulinda kwenye bima ya afya na kazini, lakini haigusi bima ya maisha wala ya matunzo ya muda mrefu. Ukishajua, fomu ikikuuliza utaandika nini?

Mzani
Hilo la mjukuu limeniingia. Bado nasema kikao kimoja kizuri kinatosha, na tarehe ya damu itolewe siku hiyo hiyo, si baada ya miezi.

Kizazi
Kimoja kwa mtu aliyekuja na mwenzake na ripoti ya mgonjwa mkononi, sibishani. Kwa aliyemzika mzazi wiki mbili zilizopita, hapana. Na siku ya majibu, ana kwa ana.

Pipeti
Mzani, ukishinda hoja hii, shinda na sharti moja: mabadiliko yasiyojulikana maana yake yasipelekwe kabisa kwa wasio na dalili. GRN imejaa hayo, herufi moja imebadilisha asidi amino moja na hakuna ajuaye kama ina madhara. Chukua plazma ya mgonjwa upime progranulini. Ikiwa chini ya nusu ya kawaida, una sababu ya kulishuku badiliko. Ikiwa ya kawaida, tafuta kwingine. Mpaka wa namba unategemea aina ya vifaa vya kipimo, usichukue wa maabara moja ukautumia kwa nyingine. TMEM106B nayo, jeni nyingine ambayo aina yake moja hupunguza hatari kwa baadhi ya wenye badiliko la GRN, isiandikwe kwenye ripoti ya mtu asiye na dalili kama kinga. Ataisoma kama hati ya kusalimika.