Misikiti midogo ya kale shamba, Unguja na Pemba: naanzia wapi?

MwanaMchangani:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nataka kuizungukia misikiti ya kale ya shamba, yaani vijijini nje ya mji, siku mbili Unguja na mbili Pemba. Mji Mkongwe niuache kwa sasa. Ipi inafikika kwa gari, ipi inataka chombo, na nikishafika niangalie nini? Maana gofu bila mjuzi ni mawe na mizizi tu.

FundiChokaa:
Waalaykum salaam. Anza Kizimkazi, kusini ya Unguja, lakini kijiji cha Dimbani, si cha Mkunguni. Gari ni daladala 326 kutoka mjini. Mwambie utingo mapema kuwa unashuka Dimbani msikitini, la sivyo utajikuta Mkunguni.

Kwa nje utadhani umepotea: paa la bati, kuta nyeupe, msikiti wa mtaa kama wowote, na watu wanasali humo mpaka leo. Usigeuke. Kazi yote iko ukuta wa kaskazini. Kwetu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, hivyo dira ya simu inatosha kukuonyesha kibla hata kwenye gofu lisilo paa. Pale Dimbani kibla chenyewe, yaani mihrabu, kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, herufi zimechipuza majani. Yanataja Dhulkaadi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Lakini msikiti ulijengwa upya karne ya 18, na yapo maandishi mengine ya wakati huo. Kwa hiyo usimwambie mtu kila ukuta pale ni wa 1107. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Tochi usiimulike usoni mwa jiwe, herufi zitapotea. Iweke ubavuni, karibu kugusa ukuta, mwanga upite juu juu. Kivuli ndicho kinachoinua herufi. Na chaki marufuku! Jiwe la kuchongea ni tumbawe lililotolewa baharini, bichi huwa laini, likikauka linakaza, lakini vitundu vyake vinabaki. Chaki ikishaingia humo haitoki, na anayeisugua kwa maji anaondoka na ncha za herufi.

BiMkubwa_Gombani:
Mwanangu, kabla ya tochi kuna hodi. Muulizie imamu au sheha, kiongozi wa serikali wa pale. Ijumaa adhuhuri usiende kutembea, nenda kusali. Wakati mzuri ni kwenye saa nane, watu wakishasali adhuhuri. Viatu nje, mabega na magoti yafunikwe. Mwanamke aombe kwanza: misikiti mingi ya shamba haina sehemu ya wanawake, lakini baina ya sala huenda akaruhusiwa kutazama. Ukitoa sadaka, mpe imamu, usiwagawie watoto barabarani.

Nahodha_Wesha:
Pemba sasa. Ras Mkumbuu ndiyo yenyewe: gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, kwenye ncha ya rasi magharibi ya Chake Chake. Kwa nchi kavu unafika Ndagoni kisha miguu, kwa hiyo chukua maji ya kunywa ya kutosha. Kwa bahari, angalia mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na yanajaa mnamo saa kumi. Anayeondoka Chake saa tatu siku hiyo atakaa kwenye tope la mikoko akihesabu kaa. Panga siku ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu.

Ya pili ni Chwaka, karibu na Tumbe, panda gari ya Konde. Taja "Chwaka ya Tumbe", maana Chwaka ya Unguja inachanganya watu. Kuna gofu la msikiti, na kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Haruni, wa ukoo wa Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba. Pujini, ya Mkama Ndume mwenyewe, ni ngome. Nenda, ila usiihesabu kwenye misikiti.

MwanaMchangani:
Ahsanteni sana. Sasa gofu lisilo kibao nitalijuaje kuwa ni msikiti, si nyumba?

FundiChokaa:
Minara usiitafute, misikiti hiyo kwa kawaida haikuwa nayo. Zunguka nje upande wa kaskazini: kibla kinatokeza ukutani kama kifua. Halafu tafuta kisima na birika la kutawadhia, pengine na jiwe la tumbawe la kusugulia miguu. Ukiona kwenye chokaa vishimo vya mviringo, vimepangwa, hapo palipachikwa bakuli za kaure, zimeng'olewa zamani. Kigae ulichokiona chini kiache palepale, kukichukua ni kosa kisheria.

Ukiona gofu limepakwa saruji, hapo tazama kwa huzuni. Saruji inafunga unyevu na chumvi ndani, chokaa ya zamani inapumua, na baada ya mvua kadhaa jiwe linamomonyoka nyuma ya plasta ambayo kwa mbele bado nzima.

JongoweKwetu:
Mmeisahau Tumbatu. Chombo Mkokotoni, uliza magofu ya Makutani, kusini mwa kisiwa. Kwa sheha kwanza, tafadhali.